Mwana wa Mchimba Makaa Aliyeacha Uwaziri kwa Sababu ya Miwani

Mwezi wa Aprili 1951, waziri mmoja wa serikali ya Uingereza alijiuzulu kwa sababu ya meno ya bandia na miwani. Sisemi haya kwa masihara. Serikali yake ilikuwa imeamua kwamba mgonjwa atakayehitaji vitu hivyo alipe nusu ya gharama, naye akaona kuwa kulikubali jambo hilo ni kuvunja ahadi waliyopewa maskini wa nchi yake. Akaandika barua, akakabidhi wizara, akarudi kuwa Mbunge wa kawaida. Jina lake ni Aneurin Bevan, na waliompenda walimwita Nye. Leo, ndugu msomaji, nataka tumtazame mtu huyu tangu utotoni mwake, tupate kufahamu vipi jambo dogo kama miwani lilivyokuwa kubwa machoni pake.

Alizaliwa tarehe 15 Novemba 1897 katika mji wa Tredegar, kusini mwa Wales. Wales ni nchi ya milima na mabonde iliyo magharibi ya England, na watu wake wana lugha yao na mapenzi makubwa ya nyimbo na mashairi. Mabonde yale ndiyo yaliyotoa makaa ya mawe yaliyosifika kwa meli za moshi. Makaa hayo yalipakiwa katika bandari ya Cardiff yakapelekwa hata Port Said na Aden, na huko meli zilizokuwa njiani kuja bahari yetu hii zilijaza ghala zao. Hivyo wazee wetu waliona moshi wa makaa ya Wales ukipanda mbinguni, wasijue jasho la nani lililoyachimba.

Baba yake, David, alikuwa mmoja wa wachimbaji hao, na mama yake, Phoebe, alikuwa mshonaji. Walizaa watoto kumi, na si wote waliokua. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana hufukuta, na Aneurin alipotimia miaka 13 aliacha shule akaingia mgodini kufanya kazi ya baba.

Mtoto huyu alikuwa na kigugumizi. Mwalimu alimchukia na wenziwe walimcheka. Lakini mjini mwao palikuwa na maktaba iliyoanzishwa na wafanyakazi wenyewe kwa fedha zao, naye akawa haachi kwenda huko kuazima vitabu na kuvisoma hadi usiku wa manane. Alipoona kuwa neno fulani litamkwama ulimini, alilikwepa akatumia jingine lenye maana hiyo hiyo. Kwa ajili hiyo ilimbidi awe na maneno matatu au manne kwa kila jambo moja. Mimi niliyezoea kutafuta vina na mizani najua thamani ya hazina hiyo. Mtu aliyeshindwa kutamka ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa wasemaji wakubwa kabisa wa Bunge la Uingereza katika karne iliyopita.

Tredegar ilikuwa na jambo jingine ambalo halikusahaulika kwake. Tangu mwaka 1890 palikuwa na chama cha msaada wa matibabu. Kila mfanyakazi alikatwa peni chache katika kila pauni ya mshahara wake, na haba na haba hujaza kibaba. Kwa fedha hizo chama kiliajiri madaktari na wauguzi, kikatoa dawa, kikatoa miwani na meno ya bandia. Aliyeugua, yeye au mkewe au mwanawe, hakuulizwa ana kiasi gani mfukoni. Daktari kijana A. J. Cronin alifanya kazi katika mji huo mwanzoni mwa miaka ya 1920, na baadaye akaandika riwaya iliyopata sifa nyingi, The Citadel, iliyotoka mwaka 1937, akitumia aliyoyaona mabondeni.

Mwaka 1919 chama cha wachimba makaa kilimpeleka Bevan kusoma London katika chuo cha wafanyakazi. Aliporudi mwaka 1921 wenye migodi hawakumtaka, kwa maana alikwisha julikana kuwa mtetezi. Akakaa bila kazi muda mrefu. Na mwaka 1925 baba yake akafariki mikononi mwake, mapafu yamejaa vumbi la makaa. Fidia hawakupata hata peni, kwa kuwa sheria ya siku hizo haikuyahesabu maradhi yale kuwa ni maradhi ya kazi. Katika kumsoma mtu huyu naamini kwamba yote aliyoyafanya baadaye yana mizizi katika kifo hicho.

Bevan alikuwa mtu wa maswali. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: nguvu ya kubadilisha maisha ya watu iko wapi? Aliambiwa iko katika baraza la mji, naye akachaguliwa mwaka 1922. Alipofika akaona nguvu imekwisha hamia kwenye baraza la wilaya kubwa. Akaingia huko mwaka 1928, akaikuta nayo imeondoka. Mwaka 1929 akachaguliwa Mbunge wa Ebbw Vale, kiti alichokikalia mpaka kufa kwake. Kisa hicho alikuwa akikisimulia mwenyewe kwa mzaha, lakini ndani yake mna uchungu.

Mwaka 1934 alimwoa Jennie Lee, binti wa mchimba makaa wa Scotland, ambaye naye alikuwa amepata kuwa Mbunge. Wakati wa vita vya pili vya dunia, wengi walipoona si adabu kumhoji Winston Churchill, Bevan aliendelea kumwuliza namna vita vinavyoendeshwa. Churchill alighadhibika, na magazeti yakamwita Bevan msaliti. Yeye alishikilia kuwa Bunge lisilouliza halina kazi.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 chama cha Labour kilishinda uchaguzi, na Waziri Mkuu Clement Attlee akampa Bevan Wizara ya Afya. Alikuwa na miaka 47, mdogo kuliko mawaziri wote wa baraza lile. Hapo aliyekuwa muulizaji akawa mwenye kutakiwa jawabu. Hospitali za nchi zilikuwa za namna mbili: nyingine za mabaraza ya miji, nyingine za hisani, zikiishi kwa michango na wasichana wakisimama njiani na vikopo kuomba. Bevan aliichukia hali hiyo. Kwake uhai wa mgonjwa haukufaa kutegemea ukarimu wa mpita njia.

Hapa sisi Waislamu twaweza kumfahamu upesi. Bevan hakuwa mtu wa dini, wala sitaki kumvika kanzu asiyoivaa. Lakini tumefundishwa tangu chuoni kwamba zaka si hisani ya tajiri, bali ni haki ya fakiri iliyomo ndani ya mali ya tajiri. Anayepokea haki yake hainamishi kichwa. Huko ndiko Bevan alikotaka matibabu yafike: kila mtu achangie kwa kodi awapo mzima, na kila mtu atibiwe bure awapo mgonjwa.

Sheria ilipita mwaka 1946. Ndani ya baraza la mawaziri Herbert Morrison aliteta kwamba hospitali zisinyang'anywe mabaraza ya miji, asisikilizwe. Upinzani mkubwa zaidi ulitoka kwa madaktari, walioogopa kufanywa makarani wa serikali. Chama chao kilipopiga kura mwezi wa Februari 1948, kiasi cha 9 katika kila 10 waliikataa sheria. Bevan hakutetereka, ila alijua kulegeza kamba. Aliwaruhusu madaktari bingwa waendelee kutibu wagonjwa wa kulipa ndani ya hospitali za serikali, na madaktari wa mitaani akawaahidi kwa sheria kuwa hawatageuzwa watumishi wa mshahara. Inasimuliwa kwamba mwenyewe alikiri kuwaziba mabingwa vinywa kwa dhahabu. Wako wanaomlaumu kwa hilo mpaka leo.

Tarehe 5 Julai 1948 huduma ilianza. Bevan alikwenda hospitali ya Park, karibu na Manchester, kupokea funguo. Watu wakamiminika kwa madaktari, na ikadhihirika ni maradhi mangapi yaliyokuwa yamefichwa majumbani kwa kukosa ada. Wanawake waliovumilia maumivu miaka mingi, wazee waliosoma kwa miwani ya kuokoteza, wote walitokeza. Hata mgeni aliyeugua akiwa nchini alitibiwa, na Bevan aliwatetea wageni hao Bungeni. Lakini huduma ile haikuvuka bahari. Kenya ilikuwa koloni chini ya serikali hiyo hiyo, na hapa hospitali ziliendelea kugawanywa kwa rangi ya mtu.

Siku hiyo hiyo ilianza sheria nyingine iliyofuta sheria za kale za maskini, zile zilizowapeleka wazee wasio na kitu katika nyumba za fedheha. Mabaraza yaliamrishwa kuwapa wazee na vilema makao ya heshima. Ila hapo paliachwa ufa. Matibabu yalikuwa bure, lakini makao na malezi ya mzee yalilipiwa kwa kadiri ya mali yake. Mzee akilazwa kwa maradhi halipi. Akihitaji mtu wa kumlisha na kumvisha, huulizwa ana nini. Ufa huo haujazibwa hata leo, nao ungali ukizua maswali katika mabunge ya London na Cardiff.

Ulimi hauna mfupa, na wa Bevan ulimponza. Usiku wa kuamkia siku ile kubwa alihutubia mkutano Manchester, akakumbuka dhiki za ujana wake, akawafananisha wapinzani wake na wadudu waharibifu. Magazeti hayakumsamehe, na hata wenzake walisema aliwapotezea kura.

Kisha gharama zikapanda kupita makadirio. Mwaka 1949 serikali ilijipa ruhusa ya kutoza ada ya dawa, naye akakubali kwa shingo upande huku akihakikisha kuwa ada yenyewe haitozwi. Mwaka 1951, vita vya Korea vikiwa vimepamba moto, Waziri wa Fedha Hugh Gaitskell alitaka mabilioni ya pauni kwa silaha, na ada ya meno na miwani ingempa pauni milioni 13 tu. Bevan aliuliza ikiwa fedha hizo ni kidogo hivyo, kwa nini zitolewe kinywani mwa mgonjwa? Hakupata jawabu la kumridhisha, akaondoka. Harold Wilson, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1964, aliondoka pamoja naye. Miezi michache baadaye chama chao kilishindwa uchaguzi, na wengi wakamtwika Bevan lawama. Na kweli, ada ya dawa ikaja mwaka 1952 chini ya serikali ya Conservative. Mlango aliouogopa ulikuwa umefunguliwa.

Hakurudi tena uwaziri. Mapema mwaka 1956 chama chake kilimpa kazi ya kusemea mambo ya makoloni, na mwezi wa Novemba mwaka huo Uingereza na Ufaransa zilipoivamia Misri kwa ajili ya Mfereji wa Suez, alisimama mbele ya umati katika uwanja wa Trafalgar akailaani serikali. Nasser naye hakumsifu, lakini alikataa nchi kubwa kujichukulia haki kwa mabomu. Alifariki tarehe 6 Julai 1960 kwa saratani ya tumbo, akiwa na miaka 62, na majivu yake yalimwagwa milimani juu ya Tredegar.

Mwaka 2007 serikali ya Wales, ambayo tangu 1999 ina madaraka yake juu ya afya, iliondoa kabisa ada ya dawa. England ingali inatoza. Kwa hiyo mgonjwa wa Tredegar hupewa dawa yake bila kutoa senti, na jirani yake wa ng'ambo ya mpaka, asipokuwa katika waliosamehewa, hutoa mkoba. Mpaka huo mwembamba ndio swali la Bevan lililobaki hai, nasi popote tulipo linatuhusu: mtu akiugua, tumwulize anaumwa wapi, au tumwulize ana kiasi gani?