Ngugi wa Mirii, Mlezi wa Michezo ya Vijijini

Mtu akitaja jina Ngugi, mara moja sote humfikiria Ngugi wa Thiong'o, yule mwandishi mashuhuri aliyeaga dunia mwaka 2025. Leo nataka niwasimulie Ngugi mwingine, hayati Ngugi wa Mirii, ambaye jina lake limekaa kivulini kwa muda mrefu.

Kwa nini yeye? Mnajua hali ya kundi letu la maigizo. Shule ikifungwa, huyu anaelekea Masii, yule Mwala, mwingine anavuka kwenda Kitui. Tukirudi, nusu wamesahau sehemu zao na nusu wamepoteza hamu. Katika mkutano wetu wa mwisho ilitolewa hoja kwamba kundi livunjwe. Sitaficha, hata mimi niliinua mkono kuunga hoja hiyo. Halafu nikasoma habari za mtu huyu, nikaona haya.

Ngugi wa Mirii alizaliwa mwaka 1951 huko Limuru, kwenye mashamba ya chai na kiwanda cha viatu cha Bata. Miaka ya sabini alikuwa mfanyakazi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na kazi yake hasa ilikuwa elimu ya watu wazima. Tukumbuke jambo hilo. Mtu huyu hakuanza na jukwaa, alianza na chaki na ubao. Mwaka 1976 wanakijiji wa Kamirithu walipoamua kukifufua kituo chao cha elimu na utamaduni, yeye alisimamia masomo ya ngumbaru, naye Ngugi wa Thiong'o akashika upande wa utamaduni.

Kamirithu hakikuwa kijiji cha matajiri. Wengi walikuwa vibarua wa mashambani, wafanyakazi wa kiwandani na watu wasio na ardhi. Walipojua kusoma walitaka kitu cha kuwafaa, kinachohusu maisha yao. Ndipo hao wawili wakaandika pamoja, kwa Kigikuyu, mchezo wa Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda. Unamhusu Kiguunda, mkulima mwenye ekari moja na nusu tu, ambaye ananyang'anywa hata hiyo kwa hila za matajiri.

Hebu sikieni walivyofanya kazi. Mchezo ulisomwa mbele ya wanakijiji, nao wakaukosoa bila kuogopa eti umeandikwa na wasomi. Wazee walirekebisha lugha. Wafanyakazi walieleza kazi ilivyo na mshahara ulivyo. Nyimbo na ngoma zilitoka kwa wenye kuzijua. Mazoezi yalifanywa mwisho wa juma ili mtu asikose kibarua chake, tena hadharani, kila mpita njia akaruhusiwa kusimama na kutoa maoni. Siku ya kwanza ilipofika, kuna watu waliojua mchezo wote kwa moyo na hawakuwa hata waigizaji! Jukwaa walilijenga wenyewe, lisilo na paa, lenye nafasi ya watu wapatao 2,000. Kimani Gecau ndiye aliyeongoza mchezo.

Ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977, watu wakamiminika kutoka kila upande. Tarehe 16 Novemba serikali ya wakati huo ikaupiga marufuku. Mwisho wa mwaka Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini, akakaa huko karibu mwaka mzima.

Je, watu wa Kamirithu walikata tamaa? La. Walirudi tena na mchezo mwingine wa nyimbo, Maitu Njugira. Mwezi wa Februari 1982 walikuta milango ya Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza imefungwa. Wakaendelea na mazoezi Chuo Kikuu, na maelfu ya watu wakaja kutazama mazoezi hayo mpaka nayo yakazuiwa. Mwezi wa Machi kituo kilifutwa, polisi wakaja na malori wakalibomoa lile jukwaa. Kazi ya mikono ya wanakijiji ikawa kifusi kwa siku moja.

Mwaka huohuo Ngugi wa Mirii na Kimani Gecau walikimbilia Zimbabwe, nchi iliyokuwa imepata uhuru mwaka 1980. Mimi ningekuwa yeye, ningekaa nikalia. Jukwaa limebomolewa, wenzake wako mbali, na lugha za huko ni Kishona na Kindebele. Lakini yeye alishika mambo ya elimu na maigizo papo hapo. Mwaka 1983 ilifanyika warsha kubwa huko Murewa, ambapo watu kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikaa na wanavijiji na kutunga michezo pamoja nao. Baadaye, mwaka 1986, likaanzishwa shirika la kuunganisha makundi ya maigizo ya jamii, kwa kifupi ZACT, naye akawa nguzo yake. Makundi yalichipuka mijini na vijijini. Kila kundi lilibaki kwao, likaigiza matatizo ya kwao kwa lugha ya kwao, lakini yote yalihesabiana kuwa ndugu. Umbali haukuwaua, kwa sababu hawakungoja kuwa mahali pamoja ndipo waanze kazi.

Ngugi wa Mirii alifariki kwa ajali ya gari huko Zimbabwe mwezi wa Mei 2008, wakati wengi wetu hatujazaliwa.

Wenzangu, sisi wa Wamunyu hatuhitaji kuambiwa mara mbili. Uchongaji unaotulisha ulianzishwa na mtu mmoja, Mutisya Munge, aliyerudi na ufundi huo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Leo wachongaji wetu wako Nairobi na Mombasa, na hakuna anayesema Wamunyu imevunjika.

Basi mimi nimeushusha ule mkono wangu. Pendekezo langu ni hili: likizo ijayo, walio Masii watayarishe onyesho moja, wa Mwala la pili, wa Kitui la tatu, na sisi wa hapa la mwisho. Wafanye mazoezi mbele ya wazazi na majirani, wakosolewe. Tukifungua shule tuunganishe. Likishindikana, tutavunja kundi tukiwa tumejaribu. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole si lazima vilale kitanda kimoja.

Naweka kalamu chini. Tukutane mkutanoni.