Leonard Noon: Alitibu chafya kwa chavua ile ile

Mahindi yakitoa mbelewele na nyasi zikichanua hapa Kakamega, kuna wale ambao macho huwawasha, pua hutiririka na chafya hazikatiki. Wengine kifua hubana kabisa, pumu inaamka. Nyumbani utaambiwa ni homa tu, kunywa maji moto. Kumbe huenda ni chavua, ule unga wa maua unaopeperushwa na upepo.

Daktari aliyeleta sindano ya shida hii ni Leonard Noon, Mwingereza aliyezaliwa 1877. Alifanya kazi katika hospitali ya St Mary's, London, pamoja na mwenzake John Freeman. Tayari mwaka wa 1873 Charles Blackley, daktari wa Manchester, alikuwa ameandika kitabu kuonyesha kwamba chavua ya nyasi ndiyo chanzo.

Noon akawaza hivi: kama chanjo huzoesha mwili kupigana na ugonjwa, mbona mwili usizoeshwe chavua? Akatengeneza dawa ya maji kutokana na chavua ya nyasi. Kwanza alimtia mgonjwa tone jichoni aone linavyomwasha. Kisha akamdunga kiasi kidogo sana, akawa anaongeza polepole. Akagundua pia kuwa ukiharakisha dozi, hali inazidi kuwa mbaya.

Matokeo yake yalichapishwa katika jarida la The Lancet, Juni 1911. Lakini Noon mwenyewe alikuwa anaumwa kifua kikuu, na wakati huo hakukuwa na dawa ya kukiponya. Freeman ndiye aliyeendelea na wagonjwa. Noon alifariki Januari 1913, akiwa na miaka 35 tu.

Si kila kitu alipatia. Alidhani chavua ina sumu. Leo tunajua haina. Ni kinga ya mwili inayoiona chavua kama adui. Hata hivyo, njia yake ya kuanza kidogo na kupanda polepole ndiyo inayotumika hadi sasa. Tiba huchukua miaka 3 hadi 5, na hudungwa hospitalini tu, kisha unakaa hapo nusu saa hivi, kwa sababu mwili unaweza kushtuka vibaya.

Kwa hivyo msee, kama kila msimu wa maua kifua chako kinabana, usikae ukisema ni baridi. Nenda upimwe mzio na pumu, na kama ulipewa inhela, usiiache.