Martin Luther na Moyo Uliofadhaika

Wengi wetu twamjua Dk. Martin Luther kuwa shujaa aliyesimama mbele ya Kaisari huko Worms mwaka 1521. Leo twataka kumwonyesha alivyokuwa mtu wa hofu.

Alizaliwa Eisleben, Ujerumani, mwaka 1483. Mwaka 1505 radi ilipiga karibu naye njiani, akaweka nadhiri, akaingia nyumba ya watawa huko Erfurt. Alifunga na kukesha, wala hakupata amani. Aliungama mara kwa mara, hata kwa muda wa saa nyingi, na akiisha kutoka hukumbuka kosa jingine, akarudi. Kadiri alivyozidi kuungama ndivyo hofu ilivyozidi. Twadhani kila mwinjilisti amekwisha kumwona Mkristo wa namna hii mlangoni pake, aliyetangaziwa ondoleo jana, na leo yupo tena na dhambi ile ile.

Johann von Staupitz, mkuu wake, alimwelekeza kuyatazama majeraha ya Kristo badala ya kujichunguza bila mwisho, kisha akamtwika kazi ya kufundisha Maandiko huko Wittenberg.

Mwaka 1530 Luther, akiwa katika ngome ya Coburg, alimwandikia Hieronymus Weller, mwalimu wa mwanawe, aliyelemewa na huzuni. Akamsimulia jinsi Staupitz alivyomfariji yeye zamani. Akamshauri asikae peke yake, asibishane na mawazo yale bali ayadharau, atafute watu, acheze na kucheka. Hata alimruhusu kunywa kidogo kupita desturi. Neno hilo hatulisifu, na wasomaji wetu wasilishike kabla ya mengine!

Katika miaka ya 1960 daktari Aaron Beck wa Philadelphia, Marekani, alianzisha tiba ya mawazo, ambayo leo huunganishwa na tiba ya matendo. Mgonjwa huandika wazo limjialo saa ya huzuni, hulipima kama ni kweli, kisha hujaribu tendo dogo alilokuwa akiliepuka. Imewafaa wengi wenye huzuni nzito na hofu. Naye arudiaye kuungama pasipo kutulia hufundishwa kuivumilia shaka bila kukimbilia kuhakikishiwa tena. Lakini anayetaka kujiua tusimcheleweshe kwa mazungumzo yetu. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Luther mwenyewe hakuepukana na fadhaa. Mwaka 1527 ilimrudia kwa nguvu, akamwita mchungaji wake Bugenhagen. Alifariki Eisleben mwaka 1546. Weller aliendelea kufundisha Neno la Mungu huko Freiberg hata kufa kwake mwaka 1572.