Martin Luther na Shahada ya Udaktari

Martin Luther alizaliwa Eisleben, Ujerumani, mwaka 1483, akaingia utawani mwaka 1505. Siku moja, chini ya mti wa peasi huko Wittenberg, mkuu wake Johann von Staupitz alimwagiza ajifunze hata apate udaktari wa Maandiko, tena awe mhubiri. Luther akakataa, akitoa sababu nyingi: mwili wake ni dhaifu, kazi hiyo itamwua upesi. Staupitz akamjibu kwamba hata mbinguni Mungu anahitaji watu wenye hekima. Basi Luther akatii. Frederick, mtawala wa Saxony, akalipa gharama, na mwezi wa Oktoba 1512 Luther akala kiapo cha kuyafundisha Maandiko kwa uaminifu. Aliposhtakiwa baada ya mwaka 1517, kiapo kile kilikuwa nguzo yake. Maana kazi hiyo hakujitwalia, aliamriwa. Alifariki mwaka 1546.

Ndugu wa Kasulu na Kibondo, kijana wetu akifikiri kwenda masomo makubwa, asiulize kwanza atapata heshima gani. Na aulize, ni nani anayemtuma, na kundi gani litalishwa atakaporudi.