Norbert Wiener: Alimaliza sekondari akiwa na miaka 11, je, kurushwa madarasa kulimsaidia?

Ukiwa na mtoto mkali wa hesabu, swali linakuja lenyewe: arushwe darasa au abaki na wenzake? Maisha ya mwanahisabati Norbert Wiener yana jibu, ila si jepesi.

Alizaliwa Marekani mwaka 1894. Baba yake, Leo, alifundisha lugha katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Kumbe shuleni dogo alisumbuliwa na hesabu za kawaida! Jedwali la kuzidisha halikukaa kichwani, na bado alihesabu kwa vidole. Mzee hakumrudisha nyuma. Aliona mtoto amechoshwa na kukariri, akamtoa shule na kumfundisha aljebra nyumbani.

Ila mzee alikuwa mkali. Kosa dogo tu, kelele na matusi, mpaka mtoto analia.

Akiwa na miaka 8 daktari alimkataza kusoma kwa miezi sita kwa sababu ya macho. Masomo yakaendelea kwa kusikiliza, hesabu akipiga kichwani.

Mwaka 1906 alimaliza sekondari katika mji mdogo wa Ayer. Baba hakutaka magazeti yamwandame mwanawe Harvard, akampeleka chuo cha Tufts. Shahada ya hisabati aliipata akiwa na miaka 14, na udaktari wa falsafa Harvard akiwa na 18.

Kilichomuuma zaidi ni baba kuandika kwamba watoto wake ni wa kawaida, ni malezi tu. Norbert aliona akifaulu sifa ni za baba, akifeli lawama ni zake. Huzuni kali ilimrudia mara nyingi ukubwani.

Mwaka 1909 Harvard ilikuwa pia na William Sidis, wa miaka 11. Huyo alikuja kuacha hisabati, akaishi kwa kazi ndogo za ofisini, akafariki 1944. Wiener alifundisha MIT tangu 1919, na 1948 akatoa kitabu kilichoanzisha sibanetiki, elimu ya jinsi mashine na viumbe vinavyojiongoza. Alifariki Stockholm mwaka 1964.

Kwa hiyo kasi peke yake haikumjenga wala kumbomoa. Kupewa hesabu za kiwango chake kulimfaa. Kelele na kunyang'anywa sifa ndivyo vilivyomwachia kidonda. Kabla ya kumrusha mtoto darasa, angalia kama anachoka kwa sababu somo ni jepesi, halafu jiulize: anayetaka aruke ni yeye, au ni wewe?