Maisha ya Apolo Kivebulaya

Katika Busega, mkoani Simiyu, karibu na ziwa la Viktoria, pana mahali paitwapo Nassa. Hapo wamisionari wa Uingereza walianza kazi ya Injili mwaka wa 1888, kisha wakaja waalimu Waganda waliovuka ziwa ili kuwafundisha Wasukuma kusoma na kusali. Kanisa la Buganda lilikuwa changa bado, lakini liliwatuma watu wake pande nyingi. Wengine walikuja kusini, na wengine walikwenda magharibi, hata ng'ambo ya milima ya Ruwenzori. Mmoja wa hao waliokwenda magharibi alikuwa Apolo Kivebulaya, na habari za maisha yake ndizo hizi.

Alizaliwa karibu na mwaka wa 1864 katika Singo, nchi ya Buganda. Alikuwa pacha, akaitwa Waswa, kwa kuwa Waganda humpa pacha wa kiume wa kwanza jina hilo, kama Wasukuma wawaitavyo mapacha Kulwa na Doto. Katika ujana wake alisikia mafundisho ya Kiislamu, tena alimsikia Alexander Mackay, fundi Mskochi aliyefika Buganda mwaka wa 1878, ambaye alifanya kazi ya chuma na mbao kwa mikono yake huku akifundisha neno la Mungu. Waswa alisikia, akaenda zake. Neno lile lilikaa ndani yake kama punje ya mtama katika udongo usiopata mvua: halikuota, wala halikufa.

Mwaka wa 1887 Mackay alifukuzwa Buganda na Kabaka Mwanga. Akahamia Usambiro, kusini ya ziwa, akafa huko mwezi wa Februari 1890. Hakujua kwamba punje moja aliyoipanda ingali hai.

Siku zile vita vya dini viliingia Buganda. Waswa alikwenda vitani pamoja na jeshi la Waislamu, kisha akawaacha, akajiunga na Wakristo. Baadaye alifuata safari ya askari wa Kapteni Lugard hata Toro. Alipenda kuvaa koti jekundu la askari, na kwa ajili ya koti hilo watu wakamwita Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya. Lakini katika maisha ya bunduki hakupata amani moyoni. Alianza kusoma kwa bidii, akakaa na walimu, akabatizwa mwezi wa Januari 1895, naye mtu mzima wa miaka thelathini hivi. Akachagua jina la Apolo, yule mtu hodari katika Maandiko.

Wako watu wadhanio kwamba mtu akiisha kubatizwa, safari imekwisha. Kwa Apolo ndipo ilipoanza. Mwaka ule ule alitumwa Toro kuwa mwalimu, na mwisho wa mwaka wa 1896 akavuka mto Semliki, akapanda kwenda Mboga, penye ukingo wa msitu mkubwa wa Ituri. Waalimu wawili waliomtangulia hapo walikuwa wameondoka kwa njaa, maana mtawala wa nchi, jina lake Tabaro, aliwakataza watu wake kuwapa chakula. Apolo alijua habari hiyo, naye akaenda na jembe. Tabaro alipomnyima chakula, alilima shamba lake mwenyewe, akala kwa jasho lake, akaendelea kufundisha. Watu wachache wakaanza kuja kwake kusoma. Tabaro akazidi kuchukia, hata Apolo akapigwa, na nyumba yake ikachomwa moto.

Ndipo likatokea jambo baya kuliko yote. Siku moja watu walikuwa wakichukua manyasi ya kujengea, na mkuki ulikuwa umefichika ndani ya manyasi. Dada yake Tabaro akauangukia mkuki huo, akafa. Apolo akashtakiwa kuwa ndiye aliyemwua. Akafungwa, akapelekwa Toro mbele ya wakubwa Waingereza, akatiwa gerezani.

Humo Apolo alikuwa peke yake. Hakuwa na mke wala mtoto wa kumlilia. Wanafunzi wake walikuwa mbali, na aliowahubiria ndio waliomshtaki. Sala alizofundishwa alizijua, bali sasa ilimpasa kujua kama yuko amsikiaye. Akaomba katika giza. Ikawa usiku alimwona Yesu Kristo aking'aa kama jua, akamtia moyo asiogope, kwa kuwa yu pamoja naye, akamwagiza awahubiri watu wake. Tangu usiku ule Apolo hakusema habari za Mungu kama mtu asimuliaye aliyoyasikia kwa wengine.

Hakuonekana na hatia, akafunguliwa. Njia ya kwenda kwao Buganda ilikuwa wazi, wala hapana ambaye angemlaumu kwa kuifuata. Lakini Apolo aligeuza uso wake kuelekea Mboga, kwa mtu yule yule aliyemtesa. Tabaro alipomwona amerudi bila hasira wala kisasi, alishangaa sana. Akaanza kuuliza, akaanza kusoma, na mwisho yule adui akabatizwa, akaitwa Paulo.

Apolo aliwekwa kuwa shemasi mwaka wa 1900, na kasisi mwaka wa 1903. Heshima hizo hazikubadili desturi zake. Alisoma, aliomba, alilima, alitembelea vijiji kwa miguu, na katika daftari yake akaandika kwa maneno machache kazi ya siku. Mpaka wa nchi ulipokatwa upya, Mboga ikawa katika Kongo ya Wabelgiji. Hata hivyo Apolo alirudi kwa watu wake, akakaa nao.

Akiwa mtu wa makamo aliota ndoto nyingine. Mara hii Yesu alisimama karibu naye, si kwa mwanga wa kutisha, bali kama mtu aliye ndugu yake, akamwambia aende akahubiri msituni, naye atakuwa pamoja naye. Ndivyo urafiki wa Apolo na Bwana wake ulivyokua: aliyemwona zamani kama jua, sasa alimwona kama ndugu.

Basi tangu mwaka wa 1921 alikwenda kwa Wambuti, watu wafupi wa msitu wa Ituri, waishio kwa kuwinda na kuhamahama. Majirani wengi waliwadharau. Apolo aliketi nao motoni, akajifunza maneno yao, na kwa msaada wake Injili ya Marko ikaanza kutafsiriwa katika lugha yao. Baadhi yao wakabatizwa.

Mwaka wa 1933 aliugua sana. Alikuwa Kampala kwa matibabu, akaomba arudishwe kufia Mboga. Alifariki huko tarehe 30 Mei 1933. Kabla ya kufa aliagiza kwamba kichwa chake kielekezwe magharibi, ingawa desturi ilikuwa nyingine, maana upande huo ndiko ulikokuwa msitu na watu wasiofikiwa bado. Wakamzika vile alivyotaka.

Kutokana na kazi ile ya mtu mmoja mwenye jembe, Kanisa Anglikana lilienea katika Kongo, na mwaka wa 1972 Boga, yaani Mboga, ikawa makao ya askofu.

Mkulima wa Bariadi apandaye mtama hafukui ardhi kila asubuhi kuitazama punje. Hupalilia, hungoja mvua, tena hafi moyo jua linapokaza. Punje ya Apolo ilingoja miaka mingi, ikaota, ikapaliliwa kwa sala ya kila siku, ikazaa hata katika msitu ambao aliyeipanda hakuuona kamwe.