Kinjikitile Ngwale: Dawa ya maji iliyoaminiwa hata baada ya mwenyewe kunyongwa

Maji yanayofunguliwa Bwawa la Mtera huteremka na Ruaha Mkuu, hupita Kidatu na mwishowe huingia Rufiji. Huko chini, kusini ya mto, kipo kijiji cha Ngarambe alikoishi Kinjikitile Ngwale.

Jina lake lilianza kuvuma mwaka 1904. Wazee walisimulia kwamba alipandwa na pepo aitwaye Hongo, akazama kwenye kidimbwi, na kesho yake akaibuka nguo zikiwa kavu kabisa. Akaanza kugawa dawa: maji yenye punje za mtama na mafuta ya mbono. Anayeyapata, risasi ya Mjerumani ikimfikia inageuka maji.

Watu walimiminika Ngarambe kwa makundi. Si kwamba walikuwa wajinga. Walikuwa wamechoka kulimishwa pamba kwa viboko, halafu malipo yenyewe kiduchu. Mtu akibanwa hivyo, neno la matumaini halichunguzi sana. Na Kinjikitile hakuwa mtu wa papara: simulizi zinasema aliwataka wasubiri mpaka atoe amri. Wamatumbi wakachoka kungoja. Mwishoni mwa Julai 1905 waling'oa pamba kule Nandete, vita ya Majimaji ikawaka.

Agosti 4 Wajerumani walimnyonga pale Mohoro.

Ungedhani imani nayo ingezikwa siku hiyo. Wapi! Siku 26 baadaye, Agosti 30, maelfu ya wapiganaji waliivamia boma ya Mahenge, na bunduki za rashasha zikawafyeka. Bado wengine waliendelea kupigana sehemu nyingi kwa dawa hiyohiyo. Kwa nini? Dawa ilikuwa na miiko: usilale na mwanamke, usipore mali. Aliyepigwa risasi akafa, basi alivunja mwiko. Kosa likawa la marehemu, dawa ikabaki safi.

Wahehe, walio ng'ambo ya Ruaha ukitokea Mtera, wengi wao hawakuingia. Wao walipigana na Wajerumani miaka ya 1890 wakiwa na Mkwawa, na bunduki hizo walishazionja.

Vita ilizimika mwaka 1907. Wajerumani walikadiria vifo 75,000. Baadhi ya wanahistoria wanafikisha 300,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na njaa, baada ya askari kuchoma mashamba na maghala ya chakula.